Ruzizi ndani ya ukumbi: kukarabati matangi ya samaki Bukavu

Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu hapahapa Bukavu, kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, na kufika Ziwa Tanganyika karibu na Uvira unakuwa umeshuka karibu mita 700. Ukumbi wa samaki wa mji huu, ukitaka kuuonyesha mto huo kwa ukweli, unahitaji matangi matatu: ziwa la juu, mkondo wa mawe, na ziwa la chini. Tunaandika kwa ajili ya wale walioachiwa ukumbi wa namna hiyo ukiwa umechoka. Silikoni imenyauka, simenti ina nyufa, vibao vimevimba kwa unyevu, samaki wachache waliobaki wanazunguka kwenye maji ya kijani, na tarehe ya ufunguzi imeshatangazwa. Tarehe hiyo huua samaki wengi kuliko ufa wowote. Kazi ya mwashi unaweza kuiharakisha kwa kuongeza vibarua. Bakteria wa chujio hawana vibarua wa kuwaongezea.

Kwa hiyo tunaanza na chujio, ingawa wengi wangependa kuanza na mawe na taa.

Maji ya Kivu na amonia

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kinachooza chini huongeza nyingine. Ndani ya maji amonia hiyo hugawanyika: sehemu moja ni amoniumu, ambayo samaki anaivumilia, na nyingine ni amonia huru, ambayo huunguza matamvua na kupenya hadi kwenye damu. Kinachoamua mgawanyo huo ni joto na pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji. Kwenye pH 7 na nyuzi 24, amonia huru ni nusu ya asilimia moja tu. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH ya karibu 9, na hapo amonia huru inafika theluthi moja ya yote. Kiasi ni kilekile, samaki ni walewale, lakini hatari imezidi zaidi ya mara sitini.

Kwa vitendo maana yake ni hii. Samaki wasikae kwenye zaidi ya miligramu 0.05 za amonia huru kwa lita. Kwenye pH 9 kiwango hicho kinafikiwa pale jumla ya amonia inapokuwa miligramu 0.15 tu, na vipimo vingi vya matone huanza kubadilika rangi kwenye 0.25 au 0.5. Basi rangi yoyote ya kijani ndani ya kichupa, hata ile hafifu unayoiona tu ukikishika juu ya karatasi nyeupe, ihesabiwe kuwa hatari. Jedwali lililokuja na kipimo litakuambia bado uko salama. Jedwali hilo lilitungwa kwa maji yenye pH ya chini.

Kinachomaliza amonia ni bakteria walioshika kwenye mawe, sponji na kuta za chujio. Ndani ya maji yenyewe ni wachache sana, kwa hiyo kuhifadhi maji ya zamani peke yake hakukusaidii. Kabla hujafungua bomba la kutolea maji, toa mawe na sponji za chujio la zamani uziweke kwenye pipa la plastiki la lita 200 lililojaa maji ya tangi hilohilo, hewa ikibubujika usiku na mchana. Bakteria hawa wanavuta oksijeni kama samaki: chujio lililoachwa kwenye maji yaliyosimama huanza kufa ndani ya saa chache, na kesho yake linanuka. Usilioshe kwa maji ya bomba yenye klorini. Lisuuze kwenye ndoo ya maji ya tangi, tope zito litoke, ule utelezi wa kahawia ubaki. Utelezi huo ndio unaouokoa.

Kisha uwalishe bakteria. Tafuta amonia tupu ya usafi, isiyo na sabuni wala marashi. Itikise chupa, ikitoa povu linalokaa, iache dukani. Ikiwa ni ya asilimia 10, mililita 2.5 kwa siku zinatosha pipa la lita 200, yaani karibu miligramu 1 kwa lita. Chujio likilelewa hivi litamaliza hata wiki sita za ujenzi likiwa hai.

Asiye na chujio la zamani atasubiri wiki nne hadi nane, na hapa kuna mtego wa maji yetu. Miongozo mingi inaelekeza kuanza na miligramu 2 hadi 4 za amonia kwa lita. Kwenye pH 9 kiasi hicho kinazalisha amonia huru ya kutosha kuwazuia bakteria wa hatua ya pili, wale wanaogeuza nitriti, ambayo bakteria wa hatua ya kwanza huitengeneza kutokana na amonia, kuwa nitrati. Matokeo yake, amonia inashuka vizuri, nitriti inapanda na kubaki juu wiki baada ya wiki, na watu wanaanza kubadilisha pompi zisizo na kosa lolote. Anza na miligramu 1, na usiongeze nyingine kabla ya ile ya kwanza kuisha. Tangi liko tayari pale dozi ya miligramu 1 inapokuwa imetoweka baada ya saa 24, amonia sifuri na nitriti sifuri, kwa siku tatu mfululizo. Siku mbili na nusu si tatu.

Mawe ya Goma

Kwa chujio jipya hatujaona kitu cha bei ya chini kinachoshinda lava yenye matundu, ile nyepesi inayopatikana Goma kote na inayoweza kushuka hadi hapa kwa boti. Matundu yake yanawapa bakteria nafasi kubwa ya kushika. Ivunje iwe vipande vya sentimita 2 hadi 4. Vidogo zaidi huziba. Vikubwa zaidi vinapoteza nafasi. Kanuni tunayoitumia ni lita 1 ya mawe kwa kila gramu 1 ya chakula kinachoingia kwa siku: ukumbi unaolisha gramu 150 kwa siku uwe na lita 150 za lava, na zaidi kidogo haidhuru.

Mawe yaokotwe mbali na gereji, barabara na mahali panapochomwa takataka, kwa sababu yale matundu yanayowafaa bakteria yanafyonza pia mafuta. Yaoshe mpaka maji yatoke meupe, yaloweke wiki mbili ukibadilisha maji kila siku ya tatu, halafu upitishe sumaku imara juu ya kila fungu ili kuondoa misumari na vipande vya chuma. Majivu mapya ya volkano usiyalete kabisa; yanabeba asidi na floridi.

Mbele ya lava weka kitu cha kukamata tope: sponji nene au pipa dogo la kutulizia. Lava ikifunikwa na mavi ya samaki inageuka dimbwi lisilo na hewa, na hakuna njia nzuri ya kuisafisha isipokuwa kuitoa yote.

Hewa ya mlimani

Jambo ambalo mafundi kutoka pwani hulisahau: kwa sababu ya mwinuko, maji ya Bukavu ya nyuzi 24 hayawezi kushika zaidi ya miligramu 7 hivi za oksijeni kwa lita, wakati usawa wa bahari yanashika 8.4. Samaki wengi huanza kutaabika oksijeni ikishuka chini ya 5. Akiba yetu ni miligramu 2 badala ya 3.4, na inaisha haraka umeme unapokatika usiku.

Kwa hiyo hewa isitegemee pompi kubwa ya maji. Weka pompi ya hewa ya volti 12 iliyounganishwa na betri wakati wote, betri ikichajiwa na umeme wa mtandao au paneli ya jua. Hesabu ni rahisi: pompi ya wati 35 inakula karibu ampea 3, betri ya asidi ya Ah (ampea-saa) 100 usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una Ah 50, ambazo ni saa 16. Jenereta iwepo, lakini jenereta inahitaji mtu aamke. Pompi ya hewa ikae juu ya usawa wa maji. Ikikaa chini, siku itakayozimika maji yatarudi kupitia mpira mdogo yajaze pompi, kisha sakafu.

Mkasa wa namna hiyo hutokea pia kwenye bomba la kurudishia maji tangini. Pompi ikizimika, bomba ambalo mdomo wake umezama linaanza kunyonya maji kurudi kwenye chujio. Toboa tundu la milimita 6 kwenye bomba hilo, sentimita 2 chini ya usawa wa maji, ili hewa iingie na kuukata mvuto. Kisha pima: tangi la mita 2 kwa mita 0.8 linaloshuka sentimita 3 linamwaga lita 48. Pipa la chujio liwe na nafasi tupu ya kiasi hicho na nusu yake juu. Zima umeme kwa makusudi mara kadhaa mkiwa mnatazama, kabla mtandao haujauzima mkiwa nyumbani.

Na namba iliyoandikwa kwenye pompi usiiamini. Hiyo hupimwa bila kupandisha maji. Chukua bidoni ya lita 20 na saa: ikijaa kwa sekunde 9 pale juu kwenye tangi, unapata lita 8,000 kwa saa, na hiyo ndiyo pompi yako, haidhuru karatasi inasemaje. Kwa tangi la maonyesho la lita 2,000, mzunguko wa mara 4 kwa saa unatosha.

Simenti na kioo

Ufa kwenye tangi la simenti usipakwe juu juu. Ufungue kwa patasi kina cha sentimita 2, uupige brashi ya waya, uloweshe, ujaze chokaa ya simenti sehemu 1 na mchanga mkali sehemu 2, kisha uweke magunia mabichi juu yake. Simenti inahitaji siku 28 kukomaa, na wakati huo inaachia chokaa inayoweza kupandisha pH ya maji hadi 11 au 12. Jaza tangi maji, subiri siku tatu, mwaga. Rudia mara tatu. Halafu jaza maji ya ziwa na upime pH siku ya kwanza na ya tatu. Ikipanda zaidi ya 0.3, simenti bado inatoa. Kuna watakaokuambia kwamba kwa kuwa Kivu ni pH 9 basi simenti haina shida. Kutoka 9 hadi 10 ni mara kumi, na kila punje ya amonia inazidi kuwa sumu njiani. Ikiwa kuna fedha, paka epoksi ya matangi ya maji ya kunywa, mikono miwili, na uiache ikauke siku 7 kamili.

Kioo cha mbele ndicho kinachohitaji mkono mtulivu. Silikoni mpya haishiki juu ya silikoni ya zamani, na hiki ndicho chanzo cha mivujo mingi inayofuata ukarabati. Kwanza kata kwa wembe mkubwa uliolazwa karibu sambamba na kioo. Utabaki utando ambao jicho halioni. Pitisha kidole kikavu, na pale kinapokwama badala ya kuteleza, bado upo. Kwangua tena, kisha futa kwa asetoni na kitambaa cheupe, ukigeuza upande wa kitambaa kila unapofuta, mpaka kidole kiteleze na kutoa mlio mkali pembe hadi pembe. Hapo usikiguse tena kwa mkono mtupu.

Madukani hapa, kuanzia Kadutu hadi Nyawera, tyubu nyingi za silikoni ni za bafuni. Soma ubavuni: ikiandikwa *anti-moisissures*, ina dawa ya kuua ukungu, na dawa hiyo inaua samaki pia. Unayoitaka ni ya asilimia 100, isiyo na dawa, inayonuka siki inapokauka. Paka kwa mwendo mmoja, laza kwa kidole chenye glavu iliyolowa, na uondoe utepe wa karatasi kabla ngozi ya juu haijashika, yaani ndani ya dakika 5 hivi. Siku 7 bila maji. Kisha jaza theluthi moja, yakae saa 24, theluthi mbili, saa 24 nyingine, halafu ujaze kabisa kwa siku tatu. Weka karatasi kavu za gazeti chini ya kila kiungo. Zitaonyesha tone ambalo jicho limelipita.

Tangi la kioo la urefu wa sentimita 150 na kimo cha sentimita 60 litengenezwe kwa kioo cha milimita 12 na mikanda ya kioo juu. Ukitaka kimo cha mita 1 na zaidi, kazi hiyo ni ya kioo cha tabaka mbili zilizogandishwa na ya mhandisi; maji ya kina cha mita 1 yanakandamiza kwa tani 1 kila mita ya mraba, na upande wa pili wa kioo wamesimama watoto wa shule.

Waya wote unaoingia kwenye soketi ulegee chini ya soketi kabla ya kupanda tena, ili tone linalofuata waya lidondoke sakafuni. Laini ya matangi iwe na disjonkta yake ya miliampea 30, ile inayokata umeme unapovuja. Hili halina mjadala.

Maji matatu kutoka ziwa moja

Hapa ndipo Bukavu ina bahati ambayo miji mingi haina. Maji ya juu ya Kivu yana upitishaji wa umeme, yaani kipimo cha chumvi zilizomo, wa karibu mikrosimensi 1,200 kwa sentimita, na uwezo mkubwa wa kuzuia pH isiyumbe. Tanganyika iko karibu 650. Changanya maji ya Kivu na maji safi ya mvua nusu kwa nusu, utapata namba inayokaribiana sana na ya Tanganyika, na uwezo wa kuzuia pH unaokaribiana pia. Ruzizi yenyewe hupeleka sehemu kubwa ya chumvi za Tanganyika, ikichanganyika na mito na mvua njiani. Kwa kipimo cha upitishaji cha mkononi na mapipa mawili unalifanya jambo lilelile ukumbini. Chumvi za kopo za kutengenezea maji ya Tanganyika hazihitajiki hapa.

Maji ya ziwa yachotwe asubuhi, mbali na mifereji ya mji, kutoka kwenye kina cha mita kadhaa kwa mpira wa pompi. Yapitishe kwenye kitambaa kizito na uyaache yatulie saa 48 kwenye pipa lisilo na konokono. Saa hizo 48 ni kwa ajili ya watu: kichocho kipo kwenye Kivu, na viluwiluwi vyake haviishi muda huo bila kumpata mtu. Anayechota avae glavu ndefu na buti.

Mvua ina kasoro yake. Mabati, hasa mapya, huachia zinki, na zinki kwenye maji mepesi, yenye chumvi chache, ni sumu kali kwa samaki. Acha dakika 15 za kwanza za mvua zipite, ndipo uanze kukusanya. Maji ya bomba yakilazimu, yapigwe hewa siku mbili, au yatiwe thiosulfati ya sodiamu: gramu 7 kwa lita 1,000 huondoa miligramu 1 ya klorini kwa lita.

Maji yanapopungua kwa mvuke, chumvi haziondoki. Fidia ya mvuke iwe mvua tupu. Maji ya kubadilisha kila wiki, asilimia 15 hivi, yawe na chumvi za tangi husika. Watu wakichanganya mambo haya mawili, tangi la Tanganyika linafika 1,000 ndani ya miezi michache bila mtu kujua. Na msitie mawe ya chokaa wala makombe yaliyosagwa ili kupandisha pH ya tangi la Kivu. Kwenye pH 9 hayayeyuki. Ziwa lenyewe lina chokaa ya ziada, ndiyo ule ukoko mweupe unaoganda kwenye pompi na kwenye kioo. Pompi iloweke kwenye siki nusu saa kila mwezi.

Wakazi

Tangi la Kivu ni la haplokromisi, samaki wa jamii ya sikilidi. Ziwa lina spishi 15 zisizopatikana kwingine, na mkusanyiko huo unastahili kuonekana na watu wa Bukavu kabla ya samaki yeyote wa mbali. Weka dume mmoja kwa majike watatu au wanne. Usichanganye spishi mbili ambazo majike wao wanafanana. Watazaliana, na miaka miwili baadaye utakuwa unaonyesha samaki asiye wa ziwa lolote. Jike mwenye koo lililovimba na anayekataa chakula amebeba mayai mdomoni. Asiguswe na wavu kwa wiki tatu, kwa sababu atayatema. Mawe makubwa yakae juu ya sakafu ya tangi yenyewe, na mchanga umwagwe baadaye. Samaki hawa wanachimba, na jiwe lililokaa juu ya mchanga litaangukia kioo.

Sambaza, wale samaki wadogo mfano wa dagaa, hawafai kuwekwa tangini. Walipandikizwa Kivu kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960 na leo wanalisha watu wengi kandokando ya ziwa, lakini magamba yao hutoka kwa kuguswa tu, na wengi hufa ndani ya saa chache baada ya kuvuliwa. Simulizi lao lionyeshwe kwa vifaa: taa, wavu, na mfano wa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Mvuvi mmoja aliyestaafu, akikubali kufunga fundo mbele ya wageni Jumamosi, ana thamani kuliko tangi la sambaza wanaokufa.

Mkondo wa mawe ndilo tangi gumu. Samaki wa Ruzizi kama *Labeobarbus altianalis* wanataka maji yanayokimbia na oksijeni nyingi, na kuzungusha lita 2,000 mara 15 kwa saa ni umeme mwingi. Ili umeme huo usipotee bure, kusanya mkondo mahali pamoja: jenga mfereji wa mawe wenye upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 15, upitishe humo lita 30,000 kwa saa, na kasi itafika sentimita 28 kwa sekunde. Nyuma ya kila jiwe kubwa acha sehemu tulivu, maana samaki wa mkondo hupumzika huko. Umeme ukikatika, tangi hili ndilo la kwanza kuhitaji ile hewa ya betri.

Kwenye tangi la Tanganyika tungempa nafasi ya heshima *Lamprologus callipterus*. Dume ni mzito zaidi ya mara 12 kuliko jike, na hukusanya makombe matupu ya konokono kwa mdomo, akiyarundika ili majike waingie kutaga. Mpe mchanga wa sentimita 6, makombe 40 yaliyotawanyika, na ndani ya siku chache wageni watamwona akiyahamisha moja moja.

Samaki wa Tanganyika wakipandishwa kutoka Uvira kwa njia ya milima ya Ngomo, mambo mawili yanaua. La kwanza ni mfuko. Gesi inatanuka karibu sehemu moja ya kumi ukifika Bukavu, na zaidi kule kileleni, kwa hiyo mfuko ufungwe ukiwa na ulegevu: maji theluthi moja, oksijeni juu yake, na mkunjo wa vidole viwili. La pili ni la mapokezi. Safarini pumzi ya samaki inashusha pH ya maji ya mfuko, na amonia iliyojaa humo inakaa katika sura isiyo na madhara. Ukifungua mfuko na kuanza kutia maji ya pH 9 kikombe kwa kikombe, kama tulivyozoea kuambiwa, unaigeuza amonia yote kuwa sumu huku samaki wamo ndani. Sawazisha joto mfuko ukiwa umefungwa, hakikisha upitishaji wa tangi unalingana na wa kule walikotoka, kisha fungua, watoe kwa wavu laini, watie moja kwa moja kwenye tangi la karantini. Maji ya mfuko yasiingie. Karantini ni siku 30.

Samaki wasirudishwe wote kwa pamoja. Theluthi moja kwanza, chakula robo ya kawaida, amonia ipimwe asubuhi na jioni. Wiki mbili bila rangi kwenye kichupa, ndipo theluthi ya pili.

Vibao

Kifupi tu: Kiswahili kwanza, Kifaransa chini yake, jina ambalo mama muuza samaki anatumia sokoni likiwa kubwa kuliko la Kilatini. Maneno yasizidi 60. Chapa kwenye alumini au plastiki ngumu; karatasi iliyofunikwa plastiki hufunguka pembeni baada ya masika moja. Kibao cha Ruzizi kisikose mabwawa ya umeme, lile la mwishoni mwa miaka ya 1950 na la pili la 1989, pamoja na chupa za plastiki zinazosukumwa na mvua kutoka mitaani hadi kwenye mitambo yake. Wageni wengi wanaijua taka hiyo ila hawajaiona ikiwa imepangwa karibu na samaki anayeishi chini yake.

Maji yanayotoka

Kila kinachomwagwa Bukavu kinaishia Kivu au Ruzizi, na kutoka Ruzizi kinafika Tanganyika. *Lamprichthys tanganicanus*, samaki mwembamba mwenye madoa ya buluu, hakuwa wa Kivu. Alianza kuonekana humo katikati ya miaka ya 2000, na sasa anashindana na sambaza. Samaki au mayai yakitoka kwenye tangi la Tanganyika hadi kwenye mfereji wa mvua, ziwa la juu linapata mgeni mwingine ambaye hakuna atakayeweza kumwondoa.

Bomba la kutolea maji la tangi hilo liende kwenye shimo la kunywea lililojazwa mawe na mchanga, mbali na mfereji. Mdomo wake uwe na wavu wa milimita 1, na kabla ya shimo kuwe na pipa ambalo maji yanakaa usiku mzima na klorini ya kufulia. Nyavu, ndoo na mipira ya tangi la Tanganyika ipakwe rangi nyekundu na isitumike kwa jingine. Vifaranga wakizidi, wapeni ukumbi mwingine au shule yenye tangi lililofungwa. Wasipopata pa kwenda, wauawe kwa mafuta ya karafuu na kufukiwa. Anayekuja na wazo la kuwaachilia ziwani kwa huruma aonyeshwe kwanza tangi la Kivu, kisha akabidhiwe lile pipa la klorini akalijaze.